Nilikusikia Ulivyoniita

Alfani alikuwa akirudi kinyumenyume pale Soko Kuu la Songea, jicho moja limebanwa kwenye kamera, akimpiga picha bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa akichagua vitenge. Ghafla kisigino chake kikazama kwenye kitu laini, na nyuma yake mwanamke akapiga yowe.

"Mayai yangu!"

Aligeuka. Trei nzima ilikuwa imelala chini ya kiatu chake, ute unatiririka kuelekea kwenye mafungu ya nyanya. Mwenye mayai alikuwa ameyaweka chini mara moja tu akaze kitenge kiunoni. Alikuwa mrefu, maji ya kunde, amevaa dera la samawati na aproni nyeupe yenye madoa ya aisingi ya keki, ya rangi ya waridi.

"Dada yangu, samahani sana. Sikukuona."

"Ungenionaje wakati macho yote umeyapeleka kwa mchumba wa mtu?"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Alfani akainama kuokota yaliyosalia; hayakusalia.

"Nitakutafutia mengine."

"Utayatafuta wapi? Mayai ya kienyeji leo soko zima yalikuwa hayo. Na keki inatakiwa jioni, harusi ya akina Komba."

"Akina Komba wa Matarawe?" Alfani aliinua uso. "Mimi ndiye mpiga picha wao!"

"Basi jiandae kupiga picha meza tupu."

Alfani alimwacha bibi harusi na vitenge vyake, akapanda pikipiki ya rafiki yake Bashiru na kuzunguka mji. Alianzia Majengo, akaenda Lizaboni, akaishia Ruhuwiko kwa mama mmoja mfuga kuku. Alipofika Bombambili, nyumbani kwa yule mwoka keki kama alivyoelekezwa sokoni, alikuwa amefunga trei mbili kifuani kwa khanga aliyoazimwa, anaendesha polepole mpaka watoto wa mtaani wakawa wanampita kwa miguu.

Mwanamke alisimama mlangoni akamtazama, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Unaonekana kama mama aliyetoka kliniki."

"Na watoto wote wazima," Alfani alijibu. "Naitwa Alfani. Mwenzangu?"

"Ekaristia. Lakini ukishavunja mayai ya mtu, unaruhusiwa kumwita Eka."

Ndivyo yalivyoanza. Harusi za Songea ni nyingi baada ya mavuno, na kila penye keki pana mpiga picha. Wakawa wanakutana ukumbi huu na ule, wanarudi pamoja, na wakiachana tu simu inalia.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali na samaki mbasa."

"Bila mimi, Eka?"

"Mbasa mwenyewe alikuwa mdogo, laazizi. Ungemwona ungemhurumia."

Alfani alikuwa kijana wa Nakapanya, kule Tunduru. Baba yake alikuwa na shamba la korosho na alitaka mwanawe arudi kulisimamia, lakini Alfani aliipenda kamera kuliko korosho. Ekaristia alitokea upande wa Hanga na aliishi kwa dada yake mkubwa, Emerensiana, mwenye saluni pale Mfaranyaki. Habari ya dini waliigusa mara moja tu, wakiwa wamekaa nje ya studio ya Alfani, hapo hapo Mfaranyaki, wanakula mihogo ya kukaanga.

"Kwetu watasema," alisema Alfani.

"Na kwetu watasema."

"Basi waseme siku moja wote, tusisumbuke mara mbili."

Ekaristia akampiga kofi dogo la bega. Moyoni alikuwa ameshakubali.

Safari ya Lihanje ilikuwa wazo la Ekaristia. Lihanje ni kijiji cha mbali na lami, njia ya kwenda Namtumbo, na huko yapo magofu ya kanisa lililojengwa na wamisionari Wajerumani. Misheni ilipohamishiwa kwingine kanisa likaachwa, paa likaanguka, kuta zikabaki. Marehemu bibi yake Ekaristia alibatizwa humo na kufunga ndoa humo, na mpaka anakufa alikuwa akilitaja kama watu wanavyotaja nyumba waliyohamishwa kwa nguvu.

"Nataka nikaone aliposimama bibi," Ekaristia alimwambia mpenzi wake.

"Na mimi nitakupiga picha palepale alipokuwa amesimama," Alfani akajibu.

Wakaenda Jumapili mchana. Ekaristia alivaa gauni la njano lililomfika miguuni, viatu vya visigino amevitia kwenye mfuko. Walipofika hawakukuta mtu. Waliegesha pikipiki kwenye kijia, Ekaristia akatundika mkoba wake kwenye usukani, simu ikiwa ndani, wakapanda kilima kidogo kwa miguu.

Kuta za matofali mekundu zilisimama wazi, madirisha ya upinde hayana kioo wala fremu, mbingu ndiyo paa. Mkuyu ulikuwa umeota palipokuwa na altare, mizizi yake imeshuka ukutani kama mishipa ya mkono wa mzee. Popo walinuka. Mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini wakiwatazama bila kujali. Ekaristia aliingia taratibu, akafanya ishara ya msalaba, akasimama katikati kimya.

"Bibi alisema sakafu ilikuwa inang'aa," alisema.

Sakafu sasa ilikuwa imechimbwachimbwa. Mashimo yalikuwa kila mahali, mengine yamefika kiunoni, na udongo wake ulikuwa bado mbichi. Hawakujua kwamba kwa muda mrefu Lihanje ilikuwa inasumbuliwa na watu wa kutoka mbali waliodai Wajerumani walifukia mali chini ya kanisa. Watu hao walikuja kwa siri na mashine za kupimia ardhi, wakachimba ndani, wakachimba nje, mwisho wakachimba mpaka makaburi. Kijiji kilikuwa kimeapa kwamba atakayekamatwa safari hii hatafika polisi mzima.

Alfani alisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu ya chuma, akainamia kioo.

"Sogea kushoto, kipenzi. Hapo. Inua kidevu. Usicheke."

"Wewe ndiye unayenichekesha."

Kwa mbali, kwenye shamba la mahindi, mtu aliyekuwa akipita alikiona kile chuma cha miguu mitatu na mwanamume aliyekiinamia. Hakuona kamera. Aliona mashine ya kupimia.

Kelele zilianzia bondeni. "Wamerudi! Wachimbaji wamerudi!" Zikadakwa upande wa pili wa kilima. Alfani alipochungulia dirishani aliona wanaume wanapanda mbio, wana majembe, wana fimbo, mmoja ana panga.

Hakuwaza. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliwaza kitu, hakupata. Alinyakua kamera, akaacha miguu yake ya chuma, akaruka ukuta uliobomoka na kuteremka kilima. Nyuma yake alisikia gauni linachanika.

"Alfani! Nisubiri! Nimenasa! Alfani!"

Aliisikia kila herufi ya jina lake. Miguu haikusimama. Aliwasha pikipiki, akageuka mara moja tu, akaona rangi ya njano dirishani kati ya matofali, akaondoka.

Alisimama alipofika lami. Hapo ndipo alipouona mkoba wa Ekaristia ukining'inia kwenye usukani. Ndani yake simu ilianza kuita. Alichungulia: Dada Emere. Iliita ikakatika, ikaita tena. Hakupokea. Aligeuza pikipiki arudi Lihanje, akafika kwenye daraja la mbao, akasikia kelele za watu kwa mbali, au alidhani anazisikia. Akageuza tena.

Na kilimani, Ekaristia alikuwa amezungukwa. Gauni lilikuwa limechanika kutoka gotini kwenda juu na alilishika kwa mikono miwili.

"Mwenzako nani?" mwenye panga aliuliza.

Ekaristia alitafuta njiani kwa macho, hakuona pikipiki wala mwenye pikipiki. Kulikuwa na vumbi tu. Kitu kikamgeuka rohoni, nusu hofu, nusu hasira.

"Mchimbaji ni yeye," alisema. "Mimi kanidanganya tunakuja kutembea. Hata simjui vizuri."

"Jina?"

"Alfani. Mtu wa Nakapanya. Anapiga picha Mfaranyaki, lakini hiyo ni danganya toto tu."

Hiyo danganya toto aliiongeza mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Leodegari, alifika akihema, akawatuliza watu. Alimuuliza binti kwao ni wapi, bibi yake ni nani, akaandika namba yake ya simu kiganjani, akaamuru mama mmoja ampe khanga ajisitiri. Ekaristia akapandishwa kwenye lori la mahindi lililokuwa linakwenda mjini.

Jioni ilikuwa inaingia alipofika nyumbani. Mkoba wake ulikuwa mezani.

"Kauleta Bashiru," alisema Emerensiana, akimtazama khanga ya watu na miguu yenye vumbi. "Eti Alfani anaumwa kichwa. Mdogo wangu, mmefanywa nini huko?"

Ekaristia alilia akasimulia. Alisimulia nusu ya kwanza.

Songea ni mji, lakini saluni ni kijiji. Haikuisha wiki, Mfaranyaki yote ilijua mpiga picha fulani alimwacha mchumba wake mikononi mwa watu wenye mapanga. Wakamwita Alfani Mbio. Vijana wa bodaboda walimpita wakipiga honi: "Mbio! Bado unakimbia?" Kila siku Alfani alipiga simu Bombambili, kila siku haikupokelewa, na kila isipopokelewa alijiambia: ndivyo inavyostahili.

Hakujua kwamba Ekaristia alikuwa anaitazama ile simu ikiita, mkono uko tayari, uso unawaka. Angesema nini? Nimekuuza? Anajua? Labda wameshamfuata, labda anapiga kunitukana. Ilipokatika alishusha pumzi, kisha akajichukia kwa kuishusha. Wakati mwingine Emerensiana alikuwa karibu.

"Usipokee. Mwanaume wa namna ile hata kuku hawezi kumlinda."

"Dada, acha."

"Niache nini? Nimesema uongo?"

Ekaristia akaendelea kupiga unga mpaka ukawa mgumu. Keki ile ilitoka kama tofali, akawapa majirani.

Mwishowe kazi ikawakutanisha. Ilikuwa harusi Mjimwema, ukumbi umepambwa kwa vitambaa vya dhahabu na zambarau, akina mama wamevaa sare ya kitenge, vilemba vimesimama kama minara. Ekaristia aliingiza keki ya ngazi tatu, akamwona Alfani upande wa pili amekonda ndani ya shati jeupe. Kila mmoja akaangalia sakafu.

Ulipofika wakati wa kukata keki, mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Mpiga picha asogee! Lakini wakuu, fungeni milango, huyu nasikia akiona kisu anatoka mbio!"

Ukumbi ulilipuka. Wengine walicheka bila kujua, wengine walicheka kwa sababu walijua. Alfani aliinua kamera, akaikaza machoni zaidi ya ilivyohitajika. Akapiga picha, moja, nyingine, nyingine. Ekaristia alikuwa amesimama pale pale kando ya keki, ameshika kisu chenye utepe. Wageni walimtazama kwa huruma. Huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Laiti wangejua, aliwaza, ukumbi huu ungecheka watu wawili.

Alfani alimfuata nyuma ya jiko, kwenye masufuria ya pilau.

"Eka. Nipe dakika moja."

"Nina kazi."

"Nilikusikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu wanadhani sikusikia kwa sababu ya kelele. Bashiru mwenyewe nilimwambia hivyo. Uongo. Nilikusikia ulivyoniita. Nilisikia umenasa. Na niliondoka."

Ekaristia alifungua mdomo. Lilikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi: na mimi. Maneno mawili tu. Wapishi walikuwa wanawatazama, mmoja ameacha mwiko hewani.

"Niache nifanye kazi, Alfani," alisema, akapita.

Alfani hakulala vizuri, na asubuhi aliomba pikipiki.

"Unakwenda wapi?" Bashiru aliuliza.

"Lihanje."

"Wewe una wazimu? Kufanya nini?"

"Sijui. Kuwaambia nilikuwa mimi. Yule dada walimkamata kwa ajili yangu na mpaka leo hakuna mwanaume aliyekwenda kuwaambia kwamba hana kosa."

"Piga simu."

"Simu nimepiga sana, Bashiru. Sasa nataka kwenda kwa miguu yangu, nione kama itakubali."

Ilikubali. Lakini alipojitambulisha tu katika ofisi ya kijiji, kwamba yeye ni Alfani, mpiga picha, mtu wa Nakapanya, Mzee Leodegari alisimama polepole na kufunga mlango.

Ekaristia alikuwa anapaka keki malai simu yake ilipoita. Namba ngeni.

"Binti, hujambo? Mimi mwenyekiti wa Lihanje."

Kisu cha kupakia kikamponyoka. "Sijambo. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yule mchimbaji uliyetutajia tumempata. Amejileta mwenyewe, sijui alitaka nini. Vijana wamemzunguka hapa, nawazuia kwa taabu. Njoo umtambue mbele ya kijiji, tujue la kufanya."

"Amesema nini yeye?"

"Hasemi. Nilimweleza ulichotuambia, neno kwa neno. Akauliza kama ulifika nyumbani salama. Baada ya hapo amenyamaza."

Emerensiana alimkuta mdogo wake anavaa viatu mbiombio.

"Unakwenda wapi na keki haijaisha?"

"Lihanje. Wamemkamata Alfani."

"Waache wamwonjeshe kidogo. Alikuonjesha wewe."

"Dada, mimi ndiye niliyemtaja!" Alipaza sauti mpaka akajishtua. "Niliwaambia yeye ndiye mchimbaji. Niliwaambia simjui. Yeye alinikimbia, mimi nikamuuza, na nimekaa hapa wiki zote nakusikiliza ukimtukana."

Emerensiana alibaki na chanuo mkononi. Ekaristia hakusubiri asikie atasema nini.

Ofisi ya kijiji haikuwatosha watu, wakawa wametoka nje. Alfani alikuwa amekaa chini, hana viatu, shati limeraruliwa begani, mdomo umevimba upande mmoja. Ile miguu mitatu ya chuma ililazwa mbele yake kama silaha ya muuaji. Aliinua macho Ekaristia alipopita katikati ya watu, kisha akayashusha.

"Huyu ndiye?" aliuliza Mzee Leodegari.

"Ndiye."

Manung'uniko yakapanda. Kijana mmoja akashika fimbo vizuri.

"Ndiye niliyekuja naye," Ekaristia aliendelea. "Lakini si mchimbaji. Hicho chuma ni cha kusimamishia kamera. Nilisema uongo."

"Rudia, mwanangu," alisema mzee.

"Nilisema uongo. Mimi ndiye niliyemleta hapa, nilitaka kuona alipobatizwa bibi yangu. Huyu ni mchumba wangu. Nilisema simjui kwa sababu niliogopa, na nilikuwa na hasira ameniacha. Jina lake nilitaja ili mniachie."

Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Kila mtu alimwona vizuri, jua lilikuwa linawaka. Mama aliyempa khanga siku ile alisogea mbele.

"Binti, unajua tulitaka kumfanya nini mtoto wa watu?"

"Najua, mama."

"Hujui. Mwanangu huyu hapa alikwenda kuchukua petroli."

Kijana aliyetajwa akaangalia pembeni. Na wengine nao wakaanza kuangalia pembeni, mmoja baada ya mwingine, fimbo zikateremka. Aibu ilikuwa imekuja ya Ekaristia peke yake, sasa ikawa inazunguka uwanja mzima ikitafuta pa kukaa. Mtu fulani akaleta viatu vya Alfani, akaviweka karibu naye bila neno.

Mzee Leodegari alikohoa. "Polisi hatumpeleki mtu. Sisi tumempiga asiye na kosa, hapo tumekosea, kijana, tusamehe. Lakini na ninyi mmeleta uongo pale walipozikwa wazee wetu. Mashimo yale mmeyaona. Tangu yachimbwe hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyafukia. Majembe yapo."

Wakapanda kilima, wao mbele, kijiji nyuma. Wakaingia kanisani na kuanza kazi. Alfani alivuta udongo kwa jembe, Ekaristia akausukuma shimoni kwa chepe. Kina mama walikaa kwenye ukuta ulioanguka wakiwatazama, na mbuzi pia.

"Kwa nini hukuniambia kule ukumbini?" Alfani aliuliza mwishowe, bila kuinua kichwa.

"Nilitaka uendelee kuwa mbaya peke yako."

Alifikiri. "Na mimi ningetaka hivyo."

"Mwenyekiti alikwambia nilichosema."

"Aliniambia."

"Mbona hukukana? Ungewaambia tu ni mwongo."

"Ningekana, wangekugeukia wewe. Nilishakuacha mara moja hapa hapa, Eka. Pale." Alionyesha dirisha kwa kidevu. "Sikuweza tena."

Ekaristia alichomeka chepe ardhini. Machozi yalimtoka yakachanganyika na vumbi, akajifuta kwa mkono, akajipaka udongo shavu zima.

"Nisamehe."

"Nisamehe wewe kwanza."

"Tusianze kushindana tena."

"Ongezeni udongo huko!" alipiga kelele mama wa khanga. "Hamjui kufukia? Nani kawafundisha kushika jembe?" Akashuka ukutani, akamnyang'anya Alfani jembe na kumwonyesha. Mwenzake naye akashuka. Kisha kijana wa petroli akaja na jembe lake, akafukia shimo la kaburi lililokuwa karibu na mlango, akifanya kazi kwa haraka kama mtu anayetaka kuondoka na haondoki. Mpaka jua linateremka, sakafu ilikuwa udongo mtupu uliolala sawa.

Walirudi kwa pikipiki, Ekaristia nyuma, mkono wake mmoja umeshika kiuno cha Alfani. Walipofika kwenye lami Alfani alizima injini.

"Eka, nikikuomba tuoane utasemaje?"

"Aliyekimbia na aliyeuza. Nani atatusindikiza?"

"Hata wasipotusindikiza. Tutakwenda bomani kwa mkuu wa wilaya, dini yako yako, yangu yangu. Nakapanya nitakwenda mwenyewe kumwambia mzee wangu."

"Utamwambia na ulivyokimbia?"

"Nitamwambia."

"Basi twende kwanza kwa dada. Useme lako mbele yake. Mimi langu nimelisema kwa kelele nikitoka, sasa nalisema kwa utaratibu. Ukitoka pale bado unanitaka, uniulize tena."

Emerensiana alikuwa amekaa sebuleni, chanuo bado liko mapajani, keki isiyokamilika iko mezani. Alfani alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Akawaonyesha kochi.

Alfani alisema. Hakuruka kitu, hata simu aliyoiona ikiita kwenye mkoba na kuiacha aliitaja, na hapo Emerensiana alifumba macho. Ekaristia akasema lake, mpaka lile neno la danganya toto ambalo hakuna aliyemlazimisha kuliongeza. Walipomaliza walikaa wameinamisha vichwa, wamebanana upande mmoja wa kochi kama watoto waliorudishwa nyumbani kutoka shule.

"Nimewasikia," alisema Emerensiana. "Na mimi nimemtangaza huyu kijana mji mzima." Akamgeukia Alfani. "Marahaba."

Alfani alimgeukia Ekaristia. Alikuwa na udongo kwenye nyusi na mdomo umemvimba, hivyo maneno yalitoka yamepinda.

"Bado nakutaka. Utakubali nikuoe?"

"Nakubali," alisema Ekaristia, akalisema tena ili dada yake asikie. "Nakubali."

Emerensiana alisimama, akaliweka chanuo mezani.

"Haya, nendeni mkaoge, maji yapo kwenye ndoo. Mmenijazia udongo kwenye kochi."

Akaingia jikoni. Wakamsikia anafungua kabati, anatoa sahani. Zilikuwa tatu.